Siasa Katika Picha za Katuni

Watu wengi hudhani kwamba picha za katuni ni mchezo wa watoto tu. Lakini wako wanaozitazama na kuuliza: Katika hadithi hii nani anatawala, nani anatawaliwa, na kwa haki gani?

Mara nyingine siasa imetiwa kwa makusudi. Mwaka 1954 ilitoka picha ya Animal Farm, iliyofanywa Uingereza na John Halas na mkewe, Joy Batchelor. Asili yake ni kitabu cha George Orwell cha mwaka 1945, tunachokijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Kitabuni, mwisho ni wa huzuni: nguruwe walioongoza maasi juu ya mwanadamu wamekuwa kama mwanadamu mwenyewe. Katika picha, wanyama wanaasi mara ya pili na kuwaangusha nguruwe. Miaka mingi baadaye ilijulikana kwamba fedha za kazi hiyo zilitoka kwa siri katika idara ya ujasusi ya Marekani, CIA, iliyokuwa ikipigana na Ukomunisti. Orwell hakuweza kuulizwa. Alifariki mwaka 1950.

Picha ya The Lion King, ya kampuni ya Walt Disney, ni habari nyingine. Ilitoka mwaka 1994, na bila shaka wasomaji wengi wameiona. Simba, mwana wa mfalme, anakimbia; Scar, baba yake mdogo, anashika kiti kwa msaada wa fisi, na nchi inakauka. Simba anaporudi, mvua inanyesha. Wako Wamarekani waliolalamika kwamba watoto wanafundishwa kuwa utawala ni wa damu, na kwamba fisi, wanaokaa ng'ambo ya mpaka katika mahali pa giza na njaa, wamefananishwa na maskini wa mijini. Fisi wawili walisemewa na Whoopi Goldberg, ambaye ni mweusi, na Cheech Marin, ambaye asili yake ni Meksiko. Tena, fisi wanapopita kwa gwaride mbele ya Scar, waliochora waliiga picha ya mkutano wa Wanazi wa Ujerumani, iliyotolewa mwaka 1935.

Wengine hujibu kwamba fisi ni fisi. Hata bibi zetu walimsimulia kuwa mlafi na mjinga. Kweli, lakini katika hadithi hizo hizo simba naye hudanganywa na sungura, wala mvua haimngojei yeye.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunasikia na jambo jingine. Kiongozi wa fisi hao anaitwa Shenzi. Zamani watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, kwamba hawana ustaarabu. Kisha wakoloni wakalichukua neno hilo wakawatukania watumishi na wapagazi wao. Basi jina hili, katika majina yote, ndilo walilopewa wale wanaokatazwa kuvuka mpaka! Hata kama lilichaguliwa kwa utamu wa sauti tu, masikioni mwetu halina utamu.

Mwaka 2019 kampuni iliitengeneza picha hiyo upya. Fisi wenzake wawili walibadilishwa, wakawa Kamari na Azizi. Shenzi alibaki Shenzi, na safari hii aliyemsemea ni Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala.