Maji ya rangi: kabla hujalipia mashine ya ozoni

Unatengeneza batiki Mbeya au Iringa na umeshaletewa bei ya mashine ya ozoni ya kusafishia maji machafu ya rangi? Usitoe hela bado. Angalia kwanza unatumia rangi gani.

Kama ni rangi za vati, zile za kuchanganya na kostiki soda na haidrosalfaiti, huhitaji mashine. Koroga mabaki ndani ya pipa yapate hewa: maji yanabadilika rangi ukiyaangalia, na chenga zinaanza kujitokeza. Yaache hadi kesho yake, nyingi zitakuwa zimezama. Ukipiga ozoni hapo unaunguza fedha, kwa sababu haidrosalfaiti iliyobaki huila gesi kabla haijagusa rangi. Nunua mapipa mawili yenye koki.

Chenga zikigoma kuzama, tia shabu. Ni rahisi na sokoni ipo. Punguza kwanza ukali wa kostiki kwa siki, la sivyo shabu inapotea bure. Jaribu gramu 5 kwenye ndoo ya lita 10, kisha ongeza kidogo kidogo. Gharama wasiyokwambia ni tope: linataka kitanda cha mchanga cha kulikaushia na mahali pa kulitupa, na bustani ya mboga si mahali pake.

Rangi za riaktivu ni habari nyingine. Huyeyuka kabisa, shabu haizikamati vizuri, na sehemu yake isiyo ndogo haishiki kitambaa, inaondoka na maji. Hizi ozoni inazivunja upesi.

Umeme wake si tatizo. Kilo moja ya ozoni hula uniti kama 15 hadi 20. Kwa shilingi 356 hivi kwa uniti, ni kati ya elfu tano na ushee na elfu saba. Pesa yako inaliwa kwingine. Zile "gramu kwa saa" zilizoandikwa kwenye mashine mara nyingi zimepimwa kwa oksijeni safi. Kwa hewa ya kawaida utapata nusu, au pungufu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Masika unyevu unapunguza tena, na unazaa asidi inayokula mashine.

Kwa hiyo dai bei yenye kompresa, kikaushio cha hewa na kifaa cha kuua gesi inayobaki, maana ozoni inaumiza mapafu. Mabomba yawe ya silikoni au chuma cha pua; mpira wa kawaida hupasuka.

Tena, ozoni haiondoi chumvi. Maji yanaweza kuwa meupe na bado yasifae kumwagwa mto Ruaha Mdogo. Ulizia kibali mapema: Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ina ofisi Iringa, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya.

Karakana ndogo za riaktivu, changieni mashine moja. Na muuzaji aisafishe ndoo ya maji yenu wenyewe, mbele yenu, kabla ya malipo ya kwanza.