Chupa ya maabara mu mfuko wa mchimbaji

Jumapili moja tulikuwa tumekutana Mangobo kuzungumza juu ya maji yanayojaa mu mashimo. Kijana wetu mmoja akatoa mfukoni chupa ya kioo, ndogo kama kidole gumba, na ndani yake kuko unga mweupe kidogo tu. “Ni dawa ya nguvu, wakubwa,” akasema. “Unajipiga sindano ya tumbo usiku, asubuhi mgongo haiumi tena.” Alilipa dola 40 kwa mtu aliyeitoa Dubai. Dola 40! Kuko wenzetu wanaomaliza juma mbili mu shimo bila kuzishika.

Tukasoma karatasi ya chupa. Juu: GHRP-6. Chini, kwa Kiingereza na herufi ndogo kama chungu: kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya mtu. Kijana hasomi Kiingereza. Muuzaji, tunafikiri, alisoma vizuri.

Tulimuuliza munganga mmoja rafiki yetu, naye alitufafanulia hivi. Chini ya ubongo kuko tezi moja ndogo kama punje ya haragi. Hiyo ndiyo inatoa hormoni ya ukuaji: mtoto anarefuka juu yake, na mtu mzima inamsaidia kutunza misuli na mifupa. Cyril Bowers, mtafiti wa chuo kikuu cha Tulane kule New Orleans, Marekani, pamoja na wenzake waliunda peptidi, ni kusema vipande vidogo vya protini, zinazoigonga tezi ile ili itoe hormoni. GHRP-6 ni mojawapo: mnyororo wa asidi amino 6 tu. Waliiunda kabla ya kujua inapitia mlango gani wa mwili. Mlango ulijulikana kwanza, halafu mwaka 1999 Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wakapata mu tumbo la panya hormoni yenyewe inayotumia mlango ule. Wakaiita ghrelini. Na ghrelini ni hormoni ya njaa: tumbo likiwa tupu, inapanda.

Kumbe GHRP-6 inaamsha njaa! Hapo tulicheka, halafu tukanyamaza. Mchimbaji anayekula lituma mara moja kwa siku, unamuuzia njaa kwa dola 40?

Hatusemi kazi ya maabara ni mbaya, hapana. Mu maabara peptidi hizi zinasaidia kujua jinsi hormoni inavyotoka, kwa panya na kwa chembe za mwili. Ndugu zake wachache walifika kuwa dawa kweli. Tesamorelini ilikubaliwa Marekani mwaka 2010 kwa wagonjwa wa sida ambao mafuta yanajaa tumboni. Macimorelini, mwaka 2017, mtu anaikunywa hospitalini ili wapime kama tezi yake inatumika. Hakuna hata moja iliyokubaliwa kwa mgongo wa mtu anayebeba mchanga. Wanamichezo nao wamekatazwa GHRP-6; wakiikuta mu mkojo, wanafungiwa.

Tena hormoni peke yake haiamui kila kitu. Jirani zetu Waefe wa msitu wa Ituri wanajulikana duniani kwa ufupi wao. Mwaka 1995 watafiti walitangaza kwamba chembe za damu zao, zikikuzwa mu maabara, hazikuitikia vizuri IGF-1, ule ujumbe ambao hormoni ya ukuaji inautuma mwilini. Mwili unajenga kwa njia yake. Na mtu mzima, mifupa yake imekwisha kufunga: harefuki tena. Hormoni ikizidi kwa muda mrefu, mikono, miguu na taya zinanenepa, sukari inapanda mu damu, moyo unachoka.

Halafu kuko sindano. Unga ule unachanganywa na maji safi, na ukisha kuchanganywa unapaswa kukaa mu frigo. Mu machimbo ya Bafwasende frigo iko wapi? Hata hapa mjini tunajua namna moto wa SNEL unavyokwenda na kurudi. Vijana watatu wakigawana chupa moja, watagawana na sindano, na hapo sida na hepatiti B zinaingia bila kubisha hodi.

Mama na dada zetu wanajua hadithi ya namna hii. Kinshasa watu wanameza deksametazoni pamoja na siproheptadini ili wanenepe haraka. Uso unavimba, watu wanasifu, lakini damu inapanda, na ukiacha ghafla mwili unaweza kuanguka.

Kijana hakukosa kwa kutaka nguvu. Anashuka shimoni tangu alfajiri, anapanda na mfuko mgongoni, hakuna pompi, hakuna siku ya kupumzika. Mfanyakazi mwenye mkataba, Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kumtunza akigonjwa, yeye na jamaa yake. Mchimbaji wa mikono hana mwajiri huyo. Tangu 2018 sheria ya madini inamtaka aingie mu koperative; basi tunaziomba koperative ziweke sanduku la matunzo kabla ya kugawa makuta, na zinunue pompi.

Chupa tuko nayo bado, haijafunguliwa. Muuzaji amekataa kurudisha dola 40. Alituambia yeye aliuza kitu cha maabara, na kwamba karatasi inasema hivyo.