Zamu Yangu, Zamu Yako

Wabongo wengi wanaofika Marekani hawaanzii chuo kikuu. Wanaanzia komyuniti koleji, wanakusanya masomo ya miaka miwili, kisha wanahamia chuo kikuu kumalizia digrii. Mhariri wetu alipita njia hiyo akiwa mke wa mtu. Anasimulia jinsi krediti 14 zilivyotikisa nyumba yake.

Saa moja asubuhi mume wangu aliingia akitokea shifti ya usiku. Wakati huo alikuwa anabeba boksi, na simaanishi boksi la utani. Alikuwa anabeba boksi kweli, kwenye ghala moja huko Maryland, saa kumi kila usiku. Mimi nilikuwa mezani na barua kutoka chuo kikuu. Nilikuwa nimeisoma mara nne.

"Mbona umenuna? Si wamekupokea?"

"Wamenipokea. Lakini krediti kumi na nne hawazihesabu."

Akavua viatu taratibu. "Krediti kumi na nne ndiyo nini kwa Kiswahili?"

"Semesta nzima."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu, "Kwa hiyo zamu yangu imesogea tena," akaenda kulala.

Ilikuwa Mei 2017. Tulifika Marekani mwaka 2013 kwa bahati nasibu ya green card, tukiwa maharusi wabichi. Makubaliano yetu yalikuwa mepesi: mimi nisome kwanza, yeye abebe nyumba, kisha tubadilishane. Kwa maneno, inasikika tamu sana.

Kwanza tuelewane: ni chuo gani hicho?

Komyuniti koleji ni chuo cha umma kinachohudumia watu wa eneo lake. Marekani vipo kama 1,000. Kikongwe kuliko vyote kati ya vile vya umma kilianzishwa mwaka 1901 mjini Joliet, jimbo la Illinois. Hapo unasoma uhasibu, ufundi, uuguzi, au yale masomo ya miaka miwili ya mwanzo wa digrii. Kila somo lina krediti zake, mara nyingi tatu au nne. Ukifikisha kama 60 unapata digrii ya miaka miwili. Digrii kamili ya chuo kikuu huhitaji kama 120, kwa hiyo ukihama vizuri unakuwa umeshafika nusu ya safari.

Kinachowavuta watu ni bei. Kwa takwimu za College Board za mwaka wa masomo 2024/25, ada ya koleji kwa mkazi wa eneo ilikuwa wastani wa dola 4,050 kwa mwaka. Chuo kikuu cha umma kilitoza mkazi wa jimbo wastani wa dola 11,610, na anayetoka nje ya jimbo zaidi ya dola 30,000. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba na kutuma hela nyumbani, hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Na si njia ya vilaza, kama wengi wanavyodhani. Tom Hanks, huyo huyo wa sinema, alipitia Chabot College huko California miaka ya 1970 kabla ya kuhamia chuo kikuu cha Sacramento. Eileen Collins alianzia koleji ya Corning, jimbo la New York, akahamia Syracuse, na mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza safari ya chombo cha anga cha Marekani kama kamanda.

Uongo niliompa mama

Haya yote nayajua leo. Januari 2014, nilipopiga simu Morogoro kumwambia mama nimeanza shule, nilikuwa sijui. Nilitafsiri jina neno kwa neno: "Mama, nimeingia chuo cha jamii."

Kimya kidogo. "Cha jamii? Kama vile vya Maendeleo ya Wananchi? Mwanangu, umevuka bahari yote hiyo ukajifunze kushona?"

Msomaji, kushona si dhambi, na vyuo vile tangu mwaka 1975 vimewatoa wengi. Lakini siku ile niliona aibu. Nikasema, "Hapana mama, ni chuo kikuu." Wiki hiyo hiyo alitangaza kwenye kikoba chake. Kwa miaka mitatu nzima, nyumbani nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu ambacho sikuwahi kukanyaga.

Uongo huo ulikuwa na gharama. Nilipokwama sikuwa na wa kumwambia. Siku barua ya kupokelewa ilipofika, sikuweza hata kushangilia na mama yangu, maana kwake nilikuwa nimeshapokelewa zamani.

Darasani saa kumi na mbili jioni

Madarasa ya jioni ndiyo yaliyonifundisha maisha. Nyuma alikaa Mkenya mmoja dereva wa teksi, miaka arobaini na kitu, mke wake nesi. Siku moja nililalamika kwamba kwenye mtihani wa kupangiwa madarasa nimerudishwa hisabati ya chini, isiyo na krediti, mimi niliyemaliza kidato cha sita. Akacheka. "Dada, mimi siko hapa kushinda mtu. Mimi niko hapa kumaliza." Ilimchukua miaka sita, somo moja moja, lakini alihamia chuo kikuu.

Mbele alikaa binti wa Arusha aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi. Wabongo walimwambia angefanya kazi huku anasoma. Kumbe mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, na ndani ya chuo mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Lazima pia asome mzigo kamili, kwa kawaida krediti 12 kila semesta, kwa ada ya mgeni. Baba yake aliuza kiwanja. Binti naye alijua kila krediti inakokwenda, kwa sababu kila krediti ilikuwa na kipande cha kile kiwanja ndani yake. Alihama bila kupoteza hata moja.

Na alikuwepo dada wa Kitanzania aliyemsomesha mumewe kwa shifti mbili za kulea wazee. Jamaa alipohamia chuo kikuu cha jimbo jingine, alihama na moyo. Sisemi wasomi ni wabaya. Nasema wale wawili hawakuwahi kuandika mahali popote kwamba zamu ya dada ingeanza lini. "Baadaye" ilikuwa ndiyo tarehe yao.

Krediti zilivyopotea

Mimi sikuibiwa na mtu. Nilianza na masomo ya kuelekea uuguzi kwa sababu kila Mbongo niliyekutana naye alisema, "Soma unesi, hela ipo." Nikasoma anatomia, nikasoma kemia, nikalia. Mwaka wa pili nikageukia mawasiliano ya umma, kitu nilichokipenda tangu nikiwa msomaji wa magazeti yenye picha kama hili.

Kubadili fani si kosa. Kosa langu ni kwamba sikumwambia mume wangu kwamba kubadili kuna bei, na sikumuuliza mshauri wa masomo swali moja tu: "Chuo kikuu ninachokitaka kitayahesabu yapi?" Nilidhani krediti ni kama shilingi, ukiwa nayo unanunua popote. Kumbe ni kama tiketi ya basi, imeandikwa unakokwenda. Zile 14 zilibaki kwenye rekodi zangu kama mapambo. Kati ya krediti 66 nilizosotea, 52 ndizo zilizohesabiwa kwenye digrii.

Sipo peke yangu. Mwaka 2017, ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo vya aina zote kati ya 2004 na 2009 walipoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Takwimu za National Student Clearinghouse za mwaka 2024 zinaumiza zaidi: kati ya wanaoanzia komyuniti koleji, chini ya theluthi moja ndio wanaohamia chuo cha miaka minne, na takriban asilimia 16 ndio wanaoipata digrii ndani ya miaka sita. Wengi wao hawakukosa akili. Walikosa ramani, au hela, au mtu wa kuwaambia ukweli mapema.

Siku tatu za kimya

Baada ya barua ile, tuliishi siku tatu kwa "umekula?" na "nimekula". Siku ya nne mume wangu aliweka daftari mezani.

"Nataka kujua," alisema. "Hii shule ni ya nani? Ni yetu au ni yako?"

Nilianza kujitetea, nikaishia kulia. Nikamwambia yote, pamoja na uongo wa kwa mama. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema kitu ambacho sitakisahau: "Boksi sioni uzito wake nikijua linakwenda wapi. Usiponiambia, linakuwa zito."

Usiku ule tulichora karatasi mbili. Moja ilikuwa yangu: krediti 68 zilizobaki, semesta tano, mwisho Desemba 2019. Ya pili ilikuwa yake: uhasibu, kuanza Januari 2020, na pembeni orodha ya masomo ambayo chuo kikuu alichokilenga kilikubali kwa mkataba na koleji yetu. Vyuo vingi vya umma vina mikataba ya namna hiyo. Kule Virginia, kwa mfano, Northern Virginia Community College na George Mason University walianzisha mwaka 2018 mpango unaomwonyesha mwanafunzi tangu mwanzo masomo yote hadi digrii. Karatasi zetu tulizibandika kwenye friji, juu ya bili ya umeme.

Kesho yake nikampigia mama. Nilitegemea matusi. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwani ulipotoka Morogoro kwenda Dar, hukupita Chalinze?"

"Nilipita, mama."

"Sasa aibu ya nini? Kikoba nitawaambia mwenyewe."

Nilimaliza Desemba 2019 kama karatasi ilivyosema. Mume wangu alianza Januari 2020. Machi corona ikafunga madarasa, masomo yakahamia kwenye kompyuta, na yeye bado anakwenda ghalani usiku. Akaacha semesta ile katikati. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa na mshahara, na mimi ndiye niliyebandua karatasi kwenye friji, nikafuta Januari, nikaandika Septemba. Alirudi Septemba. Mei 2022 alimaliza koleji, akahama na krediti zake zote, na Mei 2024 akavaa joho. Mwaka huo huo tukarudi nyumbani.

Dondoo kwa wawili wanaotaka kusoma

Chagueni mwisho kabla ya mwanzo. Jueni chuo kikuu na fani mnayoilenga, hata kama mtabadili baadaye. Muulizeni mshauri wa masomo kuhusu mkataba wa kuhamisha krediti, na mwombe jibu kwa maandishi.

Tunzeni muhtasari wa kila somo. Krediti ikikataliwa, mara nyingi chuo kikuu kinakubali kuipitia upya ukionyesha ulichosoma.

Zamu iwe na tarehe. "Baadaye" si tarehe. Ikibidi isogee, isogezwe na wote wawili, mezani.

Msomeshaji naye ni mwanafunzi. Mpe habari za shule: alama, hofu, walimu. Anailipia, ana haki ya kuijua.

Msidharau mtihani wa kupangiwa darasa. Rudieni hisabati kabla ya kuufanya. Darasa lisilo na krediti linalipiwa kama mengine.

Kama mnafikiria kurudi nyumbani, hakikisheni mapema kwamba chuo kikuu mtakachomalizia kinatambulika. Digrii ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa ajili ya kutambuliwa.

Na wewe uliye hapa hapa?

Najua wengi wenu hamtakwenda Maryland. Lakini Dar, Dodoma na Mwanza zimejaa watu wanaopita njia hiyo hiyo kwa jina jingine: cheti, stashahada, kazi, ndoa, kisha digrii ya jioni. Wanajificha kama nilivyojificha. Harusini wanaulizwa "unasoma wapi?" na wanameza mate kabla ya kujibu.

Mwezi uliopita shosti wangu alinong'oneza kwamba mchumba wake anasoma stashahada na yeye anaona noma kumtambulisha ofisini. Nikamuuliza anasoma nini, anamaliza lini, na baada ya hapo anakwenda wapi. Hakuwa na jibu hata moja. Nikamwambia shida si stashahada, shosti. Shida ni kwamba hujawahi kumuuliza.

Leo jioni, kabla hamjawasha televisheni, muulize mwenzako maswali hayo matatu. Kisha mtafute karatasi, na mahali pa kuibandika.