Kwenu Hakujanyesha, Mbona Maji Yako Mlangoni?

Tuanze na hesabu ndogo, usitoroke. Ukisikia imenyesha milimita 50, maana yake kila mita mraba ya ardhi imepokea lita 50. Chukua nyumba yako ya mabati, mita tatu kwa tatu. Paa hilo pekee limemwaga lita 450, yaani mitungi 22 ya lita 20 na nusu juu. Sasa hesabu mabati yote ya Mathare, uongeze lami na saruji yote ya Eastleigh. Hayo maji yataenda wapi?

Zamani mengi yangezama. Udongo ni kama sponji, unanyonya hadi unashiba. Saruji hainyonyi kitu. Halafu upande wa mashariki wa Nairobi una ule udongo mweusi unaong'ang'ania viatu. Ukiloa unafura, unajifunga, na maji yanabaki juu. Basi yanateremka yote kwa mpigo hadi kwenye mtaro, na mtaro umejaa chupa na nepi. (Kanjo ana lawama zake, sikatai, lakini ile nepi haikutupwa na gavana.)

Hayo ni mafuriko ya mtaa. Ya mto ndiyo yanatisha, kwa sababu yanaweza kukupata umelala na kwenu hakujadondoka hata tone. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Kukinyesha sana huko juu, wa huku chini ndio wanaogelea. Waulize watu wa Garissa na Garsen. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya Mto Tana yanajaa hadi yanamwaga, na baada ya siku kadhaa kijiji kilichokuwa kikavu kinaamka majini.

Na kuna Mai Mahiu, Aprili 29, 2024, kabla ya mapambazuko. Mwanzoni watu walisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba handaki linalopitisha maji chini ya tuta la reli lilikuwa limezibwa na matope, mawe na miti. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likashindwa kuyazuia. Zaidi ya watu 40 walifariki. Ona hapo: hakuna aliyejenga bwawa, lakini bwawa lilikuwepo. Ukiona kalvati limeziba juu ya mtaa wenu, kumbuka hilo.

Maji pia ni mazito kuliko unavyodhani. Mita moja ya ujazo ni tani nzima. Yakikimbia, hata ya kufika gotini yanaweza kukuangusha, na sentimita 30 tu zinaweza kuelea na gari dogo. Dereva wa matatu akisema "hii naijua, tutapita tu", wewe shuka. Nauli utatafuta nyingine.

Mei 2024 serikali iliamuru watu wahame mita 30 kutoka kingo za mito, na tingatinga zikaingia Mathare. Kubomolea mtu ambaye juzi tu maji yalimbebea godoro ni ukatili, mimi nasema hivyo. Lakini mto nao haujui ploti ni ya nani. Pale tambarare kando yake ni pake, hupatumia miaka fulani tu, na katikati mtu anajenga na kutangaza nyumba ya bei nafuu.

Kwa hivyo ukienda kutafuta keja, usimuulize keretaka. Angalia ukutani kama kuna mstari wa matope, kisha muulize mama mboga wa hapo maji yalifika wapi 2024. Kama tayari unaishi chini, jua swichi kuu ya stima iko wapi na uizime kabla maji hayajaingia, ukiwa bado umesimama pakavu. Kitambulisho na cheti chako cha KCSE vitie kwenye mfuko wa plastiki, uvining'inize juu karibu na dari, upande wa mlango, mahali mkono utafika gizani.