Risasi haiondoki kwa kuchemsha maji

Akina mama wengi mijini huamini kwamba maji yakishachemka, hatari imekwisha. Hiyo ni kweli kwa viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Si kweli kwa madini ya risasi, yale yanayotumiwa katika betri za magari.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walijifunza hayo kwa uchungu. Kando ya nyumba zao kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Moshi wake ulitua juu ya mapaa, na maji machafu yakapita kijijini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni, amri hiyo ilitenguliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Hata hivyo, risasi hubaki udongoni miaka mingi. Watoto wachezao mchangani ndio walio hatarini zaidi. Sumu hii hudhuru ubongo na kupunguza damu; kwa mja mzito, yaweza kuharibu mimba.

Mzazi anayeishi mahali kama hapo afanye nini? Asikinge maji ya kunywa kwenye mabati yenye vumbi hilo. Apanguse sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Amnawishe mtoto kabla ya kula, na ampe maziwa, maharagwe na matunda. Zaidi ya yote, ampeleke hospitali apimwe damu, kwani mtoto aweza kuonekana mzima ilhali sumu imo mwilini.