Valvu Mpya, Kazi Hakuna

Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianze kujitegemea pale Muhimbili mwaka 2015, wagonjwa wengi ambao zamani wangepelekwa India wanapasuliwa Dar es Salaam. Ni mafanikio makubwa, na thamani yake anaijua aliyewahi kumuuguza mtu anayelala ameketi kwa sababu akijinyoosha pumzi inambana. Lakini mgonjwa akisharuhusiwa, linabaki swali lisilo la daktari wa upasuaji: atakula nini?

Chukua ugonjwa wa valvu unaoletwa na homa ya rumatiki. Huanza na mafindofindo ya utotoni ambayo hayakutibiwa kwa penisilini, ukaja kumwangusha mtu katika umri wa kubeba zege na kuendesha bodaboda. Akiwekewa valvu ya bandia, ile wanayoiita ya chuma, atameza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote. Damu ikiganda upesi, valvu huziba au mgonjwa hupata kiharusi. Ikiwa nyepesi mno, kuanguka kidogo tu kunaweza kumvujisha damu hadi kufa. Hata kisamvu, akikila sana wiki hii na kukiacha wiki ijayo, vipimo vya kuganda kwa damu vinayumba. Kwa hiyo kipimo cha moyo cha eko kinaweza kuonyesha moyo unaosukuma damu vizuri, na bado mbeba zege huyo hafai kupanda tena ghorofani.

Pensheni ya ulemavu ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ingeweza kumsaidia, lakini inataka madaktari wathibitishe kwamba mwanachama amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato. Tena awe na michango ya miezi 180, au ya miezi 36 ambayo 12 kati yake imetangulia ulemavu. Sharti hilo la miezi 12 ndilo linalowaumiza wagonjwa wa moyo. Aliyekatwa mguu na mashine ana tarehe. Moyo huchoka polepole: mwezi huu mtu anakosa zamu mbili, mwezi ujao anaomba likizo bila malipo, kisha anaacha kazi mwenyewe akiogopa kuitwa mvivu. Anapofika mbele ya bodi ya madaktari hana karatasi inayoonyesha ni lini hasa alishindwa. Kinachoonekana ni pengo la michango. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao hulipa ajali na magonjwa yanayotokana na kazi, na ugonjwa huu wa valvu haumo. Fundi ambaye hakuwahi kuandikishwa popote hana hata mlango wa kubisha.

Madaktari wa kliniki za moyo, andikeni kwenye faili kazi anayoifanya mgonjwa na siku aliyoanza kushindwa kuifanya. Nawe mwenye ndugu anayeugua moyo, asiache kazi kimyakimya. Aombe kwanza barua ya daktari, aipeleke kwa mwajiri na NSSF akiwa bado kazini, na abaki na nakala.