"Injini Haiwaki": Kitenzi Kimoja, Hitilafu Mbili

Miongoni mwa sentensi ambazo mfasiri wa vitabu vya mitambo hukutana nazo mapema ni ile isemayo kwamba injini haiwaki. Kwa msomaji wa kawaida sentensi hiyo haina utata wowote. Kwa baharia aliyeinama juu ya injini ya dizeli katika mashua ya tanga, upepo umelala, maji yanakupwa na mwamba u karibu, sentensi hiyo haisemi kitu. Yeye anataka kujua: je, injini haizunguki, au inazunguka lakini haishiki moto? Hizo ni hitilafu mbili zisizohusiana. Moja hutafutwa katika umeme, ya pili aghalabu hutafutwa katika mafuta. Kitabu kilichotafsiriwa kwa kitenzi kimoja humpeleka mtu kufungua mabomba ya mafuta ilhali ubovu uko kwenye waya.

Yafaa kwanza tuone kitenzi hiki kimetoka wapi. Kuwaka ni kwa moto, kwa taa, na kwa jua kali. Kilipohamia kwenye gari kilikuwa na haki yake, kwa kuwa ndani ya injini ya petroli cheche ya plagi huwasha mafuta kwa hakika. Injini ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeomba hataza yake mwaka 1892 na ambaye injini yake ilifanikiwa katika majaribio ya Augsburg mwaka 1897, alijenga juu ya kanuni nyingine: hewa ikibanwa ghafla hupata joto. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda hadi ibaki sehemu moja kati ya 15 au 20 ya ujazo wake wa awali, joto hupita nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli ikinyunyizwa humo na nozeli hujiwakia yenyewe. Baadhi ya injini hizi zina plagi pia, lakini kazi ya plagi hizo ni kupasha joto tu wakati injini ni baridi. Mfasiri anayeandika "plagi" bila kuongeza "ya joto" humfanya fundi wa petroli atafute cheche ambayo haipo.

Kutokana na kanuni hiyo, injini ya dizeli haiwezi kuwaka mpaka izungushwe kwa kasi ya kutosha. Ikizungushwa kivivu, hewa huvuja pembeni mwa pistoni na joto hunywewa na chuma kabla mafuta hayajafika. Kwa hiyo matendo ni mawili, na kila moja linastahili neno lake. Tungependekeza kwamba kuzungusha litumike kwa kazi ya stata, na kuwaka libaki kwa kushika moto kwa mafuta peke yake. Mafundi wetu wanayo tayari: husema "piga stata" kwa tendo la kwanza. Hatuoni sababu ya kulikimbia neno stata na kubuni jingine ambalo hakuna gereji itakayolitambua.

Ama kuhusu injini isiyozunguka, hapa ndipo mashua inapotofautiana na gari. Chumba cha injini kiko karibu na ngama, ambako maji ya chumvi hayakauki, na swichi ya ufunguo imewekwa nje, karibu na usukani, ikinyeshewa na mvua na mawimbi. Umeme wa kuiamsha stata hutoka kwenye betri, hupanda hadi kwenye swichi, kisha hurudi chini kwenye solenoidi, yaani kile kijisilinda kilichobebwa mgongoni mwa stata. Safari hiyo yaweza kuwa ya mita kadhaa za waya mwembamba wenye viungo vingi, na kila kiungo hushika kutu ya kijani. Solenoidi ikipata volti 12 huvuta kwa nguvu, ikipata 8 husita. Mwenye mashua hubonyeza mara ya kwanza, kimya. Mara ya tano, injini inazunguka kana kwamba haikuwa na neno. Wiki mbili hupita bila tatizo, kisha hujirudia. Mara nyingi hununua betri mpya, na betri hiyo, kwa kuwa ina nguvu kidogo zaidi, huficha ubovu kwa muda.

Sauti ni shahidi mzuri. Ikiwa hakuna mlio wowote, umeme haujafika kwenye solenoidi: shaka iende kwenye swichi, fyuzi na viungo vya njia hiyo ndefu. Ikiwa solenoidi inagonga lakini stata haizunguki, basi njia ya ufunguo imetimiza kazi yake, na shaka iende kwenye betri, waya nene, vichwa vya betri, au migusano iliyoungua ndani ya solenoidi yenyewe.

Hapa kuna istilahi inayotuhangaisha zaidi. Vitabu vya ufundi huagiza kupima kiasi cha volti kinachoishia ndani ya waya au kiungo chenye kutu wakati stata inafanya kazi. Tumeona ikitafsiriwa "upungufu wa volti", na msomaji huelewa kuwa betri ni dhaifu. Sivyo. Betri yaweza kuonyesha volti 12.6 ikiwa imetulia, maana yake imejaa, na bado stata isipate za kutosha. Stata ya injini ndogo yaweza kuvuta ampia 150. Kwa mkondo huo, kiungo chenye ukinzani wa omu 0.02 tu hula volti 3. Ukinzani huo hauonekani kwa macho, wala kwa mita mkondo usipopita. Tunaona afadhali isemwe upotevu wa volti, kwa kuwa neno hilo linaeleza kwamba kitu kilikuwapo kikapotea njiani. Maelezo ya kipimo nayo hueleweka: ncha moja ya mita iguse kichwa cha betri chenyewe, si kibano kilichokifunga, nyingine iguse skrubu kubwa ya stata, mwenzio abonyeze ufunguo. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, njia hiyo ina mwizi. Kisha upande wa hasi upimwe vivyo hivyo, kutoka kichwa hasi cha betri hadi kwenye mwili wa injini. Upande huu husahauliwa, nao ndio wenye hatia mara nyingi.

Kwa njia ya ufunguo dawa ni kukata viungo vilivyooza na kubana vipya, kisha kuweka rilei karibu na stata ili ule waya mwembamba ubebe amri tu, mzigo wenyewe upite kwenye waya mfupi na mnene.

Tumesema kwamba hitilafu hii huja na kuondoka. Sifa hiyo nayo imewatatiza wafasiri. Wengine wameandika "hitilafu ya mara kwa mara", jambo ambalo ni kinyume cha kusudio, kwani mara kwa mara huhesabu wingi, ilhali hapa kinachoelezwa ni kutoweka na kurudi bila ratiba. Waganga walilitatua zamani walipoita homa ya aina hiyo homa ya vipindi. Hitilafu ya vipindi yatosha, wala haihitaji kamati.

Tukija kwenye injini inayozunguka vizuri lakini haiwaki, jambo la kutazama kwanza ni dogo kiasi cha kuchekesha: waya wa kuzimia injini, ambao ukivutwa hukata mafuta, huachwa umevutwa tangu jana. Baada ya hapo ni filta zilizoziba, maji ndani ya dizeli, na zaidi ya yote hewa iliyovutwa na bomba lenye ufa au nati iliyolegea. Kwa kazi ya kuitoa hewa hiyo Kiingereza hutumia kitenzi cha kutoka damu, na mfasiri asiyejua ufundi amewahi kutokwa nayo kwenye karatasi. Mafundi wa magari husema "kutoa upepo". Ni usemi mzuri barabarani, ila kwenye chombo cha tanga upepo una maana yake, tena kubwa. Hapo tuseme kutoa hewa.

Kuna sehemu moja ambapo uteuzi wa maneno waweza kuua injini. Katika mashua nyingi za tanga moshi hupozwa kwa maji ya bahari, na maji hayo husukumwa nje na nguvu ya moshi wenyewe. Injini inapozungushwa bila kuwaka, pampu huendelea kuvuta maji lakini moshi wa kuyatoa haupo. Maji hujaa ndani ya sailensa, na yakizidi hurudi hadi kwenye silinda. Maji hayabaniki kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, mkono wake hupinda. Kitabu kikiagiza "iwapo injini haiwaki, endelea kujaribu", kimemwongoza msomaji kwenye hasara hiyo. Tafsiri iandikwe hivi: "Iwapo injini haizunguki, kagua umeme. Iwapo inazunguka bila kuwaka, funga koki ya maji ya bahari kabla ya kupiga stata tena, na uifungue mara injini itakapowaka."